Kushona fulana ya raglani ya kipimo chako kwa kitambaa cha kuvutika: mwongozo kamili

Fulana ya raglani hutambulika kwa mshono wake. Mkono wake hauishii kwenye ncha ya bega kama ulivyo katika mashati ya kawaida, bali hupanda hadi shingoni, na mshono unaouunganisha na kiwiliwili hukata kifua na mgongo kwa mshazari kutoka kwapani mpaka kwenye kola. Jina lake limetokana na Lord Raglan, jenerali wa Uingereza aliyepoteza mkono wa kulia katika vita vya Waterloo mwaka 1815, na inasimuliwa kwamba koti la mikono ya namna hii lilibuniwa kumrahisishia uvaaji. Wepesi huo wa kuvaa na kusogeza mkono ndio uliolifanya umbo hili lipendwe katika nguo za michezo, na ndiyo sababu ninalipendekeza kwa mtu anayeanza kushona kitambaa cha fulana: halina mshono wa bega, na mkono huungwa ukiwa umelazwa mezani badala ya kulazimishwa kuzunguka tundu la kwapa.

Hata hivyo, wepesi wa kushona haumaanishi wepesi wa kupima. Wengi hudhani kwamba kitambaa kikivutika, kipimo hakina haja. Fulana ya kwanza ya aina hii niliyomshonea binti wa dada yangu ilimkaa vizuri aliposimama mikono chini. Alipoinua mkono kama mtu anayeshika bomba la juu ndani ya daladala, pindo lote la upande ule lilipanda hadi juu ya kiuno na shingo ikavutwa kando. Kifua kilikuwa sawa, mkono ulikuwa sawa, kiuno kilikuwa sawa. Nilichokosea ni urefu wa mstari wa mshazari: kwa kuhofia nguo isibane nililiteremsha kwapa mno, na kwapa likiwa chini, mkono hauwezi kupanda bila kuburuta kiwiliwili kizima. Tangu siku hiyo mstari huo huupima mwilini kabla sijagusa karatasi, na mwongozo huu umejengwa juu ya kipimo hicho.

Kitambaa na namna ya kukijua

Kanga na kitenge hufumwa kwa mtande na mshindio, yaani nyuzi zinazokatizana, na kwa hiyo havivutiki isipokuwa vikivutwa kwa mshazari. Kitambaa cha fulana hufumwa kwa vitanzi vidogo vilivyoshikana kama fuma ya sweta, na vitanzi hivyo ndivyo vinavyonyooka kikivutwa na kurudi kikiachwa. Kikiongezwa nyuzi za laikra, hurudi kwa nguvu zaidi. Kwa fulana ya kuvaa mchana katika joto la pwani, pamba laini yenye uzito wa gramu 160 hadi 180 kwa mita ya mraba inatosha. Kizito zaidi ya hapo kinafaa kwa miji yenye baridi au kwa nguo ya mikono mirefu ya kuvaliwa juu ya nyingine.

Kabla ya kununua, kunja kitambaa kwa upana, shika sentimita 10 za mkunjo huo kati ya vidole vya mikono miwili, kisha vuta juu ya rula mpaka pale kinapoanza kukataa. Kikifika sentimita 15, uvutikaji wake ni asilimia 50, na vipimo nitakavyovitoa hapa vinakifaa. Kikiishia 12 au 13, ongeza sentimita 4 kwenye mzunguko wa kifua na 2 kwenye mkono. Baada ya kuvuta, kiachie na utazame: kisiporudi kwenye sentimita 10, kiwiko na tumbo vitatuna baada ya saa chache za kuvaa, na hakuna ushonaji utakaorekebisha jambo hilo. Kitambaa hicho kiache dukani.

Fua kitambaa kabla ya kukata, kwa maji na sabuni utakazotumia kufulia nguo yenyewe, kisha ukianike kikiwa kimelazwa au kimekunjwa juu ya kamba ili kisirefuke kwa uzito wa maji. Pamba ya kufumwa kwa vitanzi huweza kupungua sentimita 5 au zaidi kwa kila mita, hasa kwa urefu. Niliwahi kuruka hatua hii kwa kumwamini muuzaji aliyeniambia kwamba kitambaa kilikuwa kimeshafuliwa kiwandani, na mikono ya fulana ile ikaishia juu ya kifundo baada ya ufuaji wa kwanza.

Kwa mtu wa kipimo cha kati, mita 1.5 za kitambaa chenye upana wa sentimita 150 zinatosha fulana ya mikono mirefu, na mita 1 hivi inatosha ya mikono mifupi. Ukipenda mikono ya rangi tofauti, jambo linaloipendeza sana raglani, hakikisha vitambaa vyote viwili vina uzito unaokaribiana na vyote vimefuliwa. Nunua pia kipande cha ribu kwa ajili ya shingo. Ribu ni kile kitambaa chenye mistari ya kupanda na kushuka, kinachovutika kuliko kitambaa cha fulana.

Vifaa

Sindano ndiyo inayoamua. Sindano ya kawaida ina ncha kali inayotoboa na kukata vitanzi, na kila kitanzi kilichokatika hugeuka tundu baada ya kufua. Omba sindano ya kitambaa cha kuvutika, yenye ncha ya mviringo, namba 75/11 kwa kitambaa chepesi au 90/14 kwa kizito. Sindano hizo huingia kwenye cherehani nyingi za nyumbani, hata zile nyeusi za kukanyaga kwa miguu, ilimradi iwe ni cherehani inayotumia sindano za mguu bapa, yaani ambazo shina lake la juu lina upande mmoja bapa. Uzi uwe wa poliesta. Uzi wa pamba hukatika mshono unapovutwa. Utahitaji pia karatasi ya kaki au magazeti yaliyogundishwa, futikamba, rula ndefu, penseli, chaki, pini au vibanio, mkasi mkali na pasi.

Overloki, yaani mashine inayoshona na kufunga kingo za kitambaa kwa wakati mmoja, ikiwapo, vizuri. Ikikosekana, usiahirishe kazi. Cherehani yenye zigizaga, yaani mshono unaokwenda kushoto na kulia, inatosha kabisa, na hata ile ya mshono mnyoofu pekee inaweza, kwa masharti nitakayoyaeleza. Katika masoko mengi ya mijini wapo mafundi wenye overloki wanaokubali kupitisha kingo za nguo ya mtu mwingine kwa malipo madogo, na si aibu kumpelekea fundi kazi uliyoikata mwenyewe.

Kupima mwili

Anayepimwa avae nguo nyepesi iliyobana na asimame kama anavyosimama siku zote, bila kuvuta pumzi wala kunyoosha mgongo kwa makusudi. Ukimpima mtu mzima asiyekuwa wa nyumbani kwako, mweleze kwanza utapita wapi na futikamba, na palipo na staha mpe ncha ya futikamba aishike mwenyewe. Funga uzi au utepe mwembamba kiunoni pake, na mwingine uzunguke kifua ukipita chini kabisa ya makwapa. Nyuzi hizi mbili ndizo alama zako.

Pima mzunguko wa kifua, wa kiuno na wa nyonga. Pima mzunguko wa mkono wa juu mahali ulipo mnene, na wa kifundo cha mkono. Tafuta mfupa unaotokeza nyuma ya shingo mtu anapoinamisha kichwa, na kutoka hapo pima wima hadi kwenye uzi wa kwapa, hadi kwenye uzi wa kiuno, na hadi pale unapotaka fulana iishie. Kisha pima urefu wa mkono wa raglani, ambao hauanzii kwenye ncha ya bega bali ubavuni mwa shingo, unapita juu ya bega, unashuka kwenye kiwiko kilichokunjwa kidogo na kuishia kwenye kifundo.

Sasa fika kwenye mshazari. Kwa mbele, weka ncha ya futikamba chini ya shingo, kiasi cha sentimita 4 au 5 mbele ya mstari wa bega, uishushe kwa kulala juu ya kifua mpaka chini ya kwapa, sentimita 1 chini ya mahali mkono unapokutana na ubavu. Kwa nyuma fanya vivyo hivyo, ukianzia sentimita 2 hivi nyuma ya mstari wa bega. Mkono uwe umening'inia kwa kawaida. Andika namba zote mbili, na utaona kwamba ya nyuma huwa ndefu kuliko ya mbele kwa sentimita 2 au 3, kwa sababu shingo ya mbele iko chini ya ile ya nyuma.

Kwa mfano wetu nitatumia vipimo hivi: kifua 92, kiuno 76, nyonga 98, mkono wa juu 29, kifundo 16, kina cha kwapa 21, urefu hadi kiuno 40, urefu wa fulana 62, mkono wa raglani 70, mshazari wa mbele 25, na wa nyuma 27.5, vyote kwa sentimita. Weka vyako mahali pake.

Kuchora pateni ya kiwiliwili

Pateni ni umbo la karatasi ambalo kitambaa hukatwa kulifuata. Nguo hii itakuwa ya kukaa karibu na mwili bila kubana, kwa hiyo tunaongeza sentimita 2 tu kwenye kifua. Anayetaka ibane kama nguo ya mazoezi asiongeze kitu, au apunguze hadi 4; anayetaka iwe huru aongeze 8.

Anza na mgongo. Chora mstari wima karibu na ukingo wa karatasi. Huo ni katikati ya mwili, na ndipo kitambaa kitakapokunjwa. Juu yake weka nukta A, ambayo ni mfupa wa shingo. Kutoka A teremka 22, yaani kina cha kwapa pamoja na sentimita 1 ya ziada, uweke B. Kutoka A hiyo hiyo teremka 40 uweke C ya kiuno, na 62 uweke D ya pindo. Kutoka B chora mstari mlalo wenye urefu wa robo ya kifua pamoja na nyongeza, yaani 94 kugawanya kwa 4, ambayo ni 23.5, mwisho wake ni E, chini ya kwapa. Kutoka C toka 21, ambayo ni robo ya kiuno pamoja na nyongeza ya 8, maana fulana inayofuata kiuno kwa ukaribu zaidi ya huo hujikunja mgongoni mtu anapoketi. Kutoka D toka 25, robo ya nyonga pamoja na 2. Unganisha E, kiuno na pindo kwa mstari laini usio na kona.

Kwa shingo ya nyuma, toka A kwenda mlalo 6.5 uweke F, kisha shusha katikati ya mgongo sentimita 1 chini ya A na uunganishe nukta hizo mbili kwa mpindo wa taratibu. Laza rula kutoka F hadi E na uchore mstari mwepesi. Katika mfano huu ni 27.8, nasi mwilini tulipata 27.5, kwa hiyo tuko mahali pake. Tofauti ikizidi sentimita 1.5, usiilazimishe: pandisha au teremsha mstari wote wa B mpaka mshazari wa karatasi ukaribie ule wa mwili. Hapa ndipo fulana yangu ya kwanza ilipoharibikia, na hapa ndipo inapookolewa kwa dakika 2 za kazi.

Gawa mstari wa F hadi E mafungu 3. Kwenye alama ya juu toka nje sentimita 0.5, kwenye alama ya chini ingia ndani kuelekea katikati ya mwili sentimita 1, kisha chora mstari mmoja unaopita kwenye nukta hizo ukiwa na umbo la S ndefu iliyolala. Mpindo wa juu hufuata uvimbe wa bega, na ule wa chini huondoa kitambaa kinachorundikana kwapani.

Mbele ni nakala ya mgongo isipokuwa shingo. Kutoka A teremka 9 kwa ajili ya katikati ya shingo. Kutoka A tena toka mlalo 7, kisha shuka 3 uweke G. Chora mpindo wa shingo kutoka katikati hadi G, na sentimita 2 za kwanza ziwe mlalo kabisa. Zisipokuwa hivyo, kitambaa kikikunjuliwa shingo itakuwa na ncha katikati kama herufi V. Mshazari wa G hadi E ni 25.2, na mpindo wake uchorwe kama ule wa nyuma.

Mwenye kifua kikubwa kuliko kawaida ya mwili wake apanue E ya mbele kwa 1 au 1.5 na arefushe ubavu wa mbele kwa kiasi hicho hicho, kisha wakati wa kushona ziada hiyo ya ubavu ibanwe taratibu kati ya kwapa na kiuno. Kitambaa cha kuvutika hukubali kubanwa hivyo bila kuonyesha mkunjo.

Kuchora mkono

Chora mstari wima wa katikati, na uukate kwa mstari mlalo wa kwapa wenye urefu wa mkono wa juu pamoja na 3, yaani 32: 16 kila upande. Mkono wa raglani una pande mbili zisizolingana, na hili ndilo jambo linalosahaulika zaidi ya yote. Amua tangu sasa kwamba kushoto ni nyuma na kulia ni mbele, na uandike.

Upande wa nyuma, chora mstari mwepesi wa wima ulio 3 kutoka katikati. Weka sifuri ya rula kwenye mwisho wa mstari wa kwapa upande huo, kisha izungushe mpaka alama ya 27.8, ambayo ni mshazari wa mgongo, iguse mstari ule. Weka nukta. Upande wa mbele chora mstari ulio 4 kutoka katikati na ufanye vivyo hivyo kwa 25.2. Utaona nukta ya nyuma imekuwa juu ya ile ya mbele kwa zaidi ya sentimita 2. Ziunganishe kwa mpindo mdogo sana wa kuingia ndani, na huo ndio mchango wa mkono katika shingo. Mishazari miwili ya mkono ipewe mpindo uleule: nje 0.5 juu, ndani 1 chini.

Kwa urefu, anzia pale mstari wa katikati unapokutana na shingo ya mkono na ushuke 69. Tumepunguza 1 kwa sababu shingo ya fulana imekaa mbali kidogo na shingo ya mtu. Hapo toka 9.5 kila upande, jumla 19, ili kiganja kipite, kisha unganisha na mstari wa kwapa.

Sasa simamisha futikamba kwa ukingo wake na uitembeze juu ya kila mpindo, si juu ya mstari mnyoofu wa rula. Mshazari wa mgongo na ule wa nyuma ya mkono visitofautiane zaidi ya nusu sentimita, na vya mbele hali kadhalika. Kisha kutanisha karatasi: mbele, mkono na mgongo, ukiungana kwenye nukta za shingo. Duara la shingo lipite bila kona. Ikitokea kona, isawazishe kwa penseli. Pima duara zima. Katika mfano huu ni karibu 48.

Mwisho ongeza akiba ya mshono, yaani kitambaa cha ziada nje ya mstari wa kushonea, ya sentimita 1 kila mahali na 2.5 kwenye mapindo ya chini na ya mikono. Weka alama moja katikati ya mshazari wa mbele, kwenye kiwiliwili na kwenye mkono, na alama mbili katikati ya mshazari wa nyuma. Bila alama hizo, mikono hubadilishana mahali, na kosa halionekani mpaka nguo ivaliwe na shingo ianze kumkaba mtu mbele.

Kukata

Tandaza kitambaa mezani au sakafuni pasiwe na sehemu inayoning'inia, maana uzito wake hukivuta na kipande kitakachokatwa kitakuwa kifupi kikishatulia. Uvutikaji mkubwa uzunguke mwili, na mistari myembamba ya vitanzi ipande wima kutoka pindo hadi shingo. Kama huuoni uso wa kitambaa, vuta ukingo uliokatwa kwa upana: kitambaa chepesi cha fulana hujikunja kuelekea usoni pake. Tumia vitu vizito badala ya pini nyingi, kata mbele na nyuma kwenye mkunjo, na mikono ikate kama jozi, mmoja ukiwa umegeuzwa.

Ukanda wa shingo hukatwa kwenye ribu, uvutikaji ukienda kwa urefu wake. Urefu ni asilimia 85 ya duara la shingo, yaani 41, pamoja na 2 za mshono, na upana ni 6. Ukitumia kitambaa chenyewe cha fulana badala ya ribu, chukua asilimia 90.

Kushona

Jaribu kwanza kwenye mabaki, na jaribio hili lisirukwe. Weka zigizaga nyembamba, upana wa milimita 0.5 hadi 1 na urefu wa milimita 2.5, shona sentimita 20, kisha vuta mshono kwa nguvu. Ukikatika, legeza kidogo kaza ya uzi wa juu. Ukitoka na mawimbi, punguza mkandamizo wa mguu wa cherehani kama cherehani yako ina kirekebishi chake, na uache kukisukuma kitambaa. Sindano ikiruka mishono, ibadilishe kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Kwa cherehani ya mshono mnyoofu, tumia mishono mifupi ya milimita 2, shika kitambaa mbele na nyuma ya sindano ukikivuta kidogo kwa usawa, kisha pitisha mshono wa pili milimita 3 kutoka wa kwanza kwenye akiba.

Anza na mishazari 4. Kutanisha uso kwa uso mkono na mbele, alama moja kwa alama moja, bana shingoni, kwapani na kwenye alama, kisha shona kutoka kwapani kupanda shingoni. Fuata na mgongo. Piga bandi kwanza, yaani mishono mirefu ya muda ya kushika vipande, kama mkono wako bado haujazoea. Bandi hufumuka kwa sekunde, ilhali zigizaga juu ya vitanzi hufumuka kwa machozi. Piga pasi kila mshono kuelekea mkononi, kwa kuinyanyua na kuishusha badala ya kuiburuta.

Kabla ya shingo, piga bandi mbavu zote pamoja na mshono wa chini wa mkono, kisha ivae nguo mbele ya kioo na uinue mikono. Mikunjo husema kilipo kosa. Mistari ya kukaza kutoka kwapani kwenda shingoni inaonyesha mkono mwembamba au mshazari mfupi: punguza akiba kwenye mishono hiyo mpaka 0.5. Mfuko wa kitambaa uliolegea juu ya kifua karibu na kwapa ni mshazari wa mbele uliozidi. Bana ziada kwa pini kwenye mshono wenyewe, nayo mara nyingi haifiki sentimita 1. Kitambaa kikisimama juu ya bega kama pembe, mwenye nguo ana mabega yanayoshuka, na mpindo wa juu wa mkono unapaswa kunyooshwa. Pindo likipanda sana mkono unapoinuliwa, kwapa liko chini; ingiza mshono wa ubavu na wa mkono kwa ndani pale kwapani, na kwenye karatasi upandishe E.

Ukiridhika, fumua bandi za mbavu na uweke shingo. Unganisha ncha za ukanda kuwa duara, ukunje kwa urefu wake uso ukiwa nje, na uupige pasi. Gawa ukanda robo 4 kwa pini, na shingo ya fulana igawe robo 4 pia, ukianzia katikati ya mbele na katikati ya nyuma. Robo za ubavu hazitaangukia kwenye mishono ya mshazari, na hilo ni sawa. Zipate kwa kukutanisha katikati mbili. Linganisha pini kwa pini, kiungo cha ukanda kikiwa nyuma, kisha shona ukanda ukiwa juu na ukivutwa tu kiasi cha kuifikia shingo iliyo chini yake, ambayo yenyewe isivutwe hata kidogo. Kwenye mpindo wa mbele ukanda uvutwe zaidi kuliko nyuma, la sivyo utasimama badala ya kulala. Laza akiba kuelekea chini na upitishe mshono wa juu milimita 3 kutoka ukingo.

Shona ubavu na mkono kwa mshono mmoja unaoendelea kutoka pindo hadi kifundo, mishazari ya mbele na nyuma ikikutana sawasawa kwapani. Kwapani rudia mshono mara ya pili kwa sentimita 5, maana ndipo nguo hii inapochanikia.

Mapindo ya mwisho huharibu fulana nyingi zilizoshonwa vizuri. Kunja 2.5, piga pasi, acha ipoe, kisha shona kwa sindano pacha au kwa zigizaga ya upana wa milimita 1.5. Kitambaa kikitoa mawimbi, weka chini yake ukanda wa karatasi nyembamba nyeupe, shona pamoja nao na uuchane baadaye. Sindano pacha huhitaji nyuzi mbili juu na bobini moja chini, na uhakikishe upana wake unapita kwenye tundu la bamba la cherehani kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono kwanza.

Fua nguo, ianike kwa kuilaza, na uivae siku nzima. Kesho yake, chochote ulichokibana au kukipanua wakati wa kupima kihamishie kwenye karatasi kwa kalamu ya rangi nyingine, andika jina la mwenye mwili, tarehe na uvutikaji wa kitambaa ulichotumia, kisha itundike pateni badala ya kuikunja, ili mistari ya mshazari isivunjike.